Asilimia Sitini na Moja

Nchi ninayoisimulia haipo, na anayedhani ameitambua aangalie kwanza nyuma yake kama hakuna mtu anayeandika. Inaitwa Tahadhari. Imepakana na nchi ya Shekue, fundi wa vyerehani tutakayemfuata, lakini ramani yake hairuhusiwi kutoka nje, kwa hiyo upande gani sisemi. Ni nchi nzuri, msinielewe vibaya. Watu wake ni wapole, na barabara zake zimenyooshwa makusudi ili mtu aonekane tangu yuko mbali.

Zamani umeme wa Tahadhari ulikuwa ukikatika kama wa nchi ambazo mimi na wewe hatuzijui. Ulikatika asubuhi, ukakatika jioni, na siku moja ya sherehe za taifa ukakatika Mheshimiwa Mlezi wa Taifa akiwa katikati ya neno. Neno lenyewe halikujulikana lilikuwa lipi, na wasomi bado wanabishana. Ikaundwa Tume. Baada ya miaka miwili ya vikao, chai na sambusa, Tume ikaja na jambo ambalo ukilisikia unajiuliza mbona hukulifikiria mwenyewe: umeme wa Tahadhari kwa asili yake haukatiki. Ulifundishwa. Wageni waliingia na simu zilizojaa umeme wa kwao, wakazichomeka kwenye soketi za taifa, na humo ndani ya waya umeme wa kigeni ukakutana na umeme mwenyeji ukaufunza tabia mbaya.

Basi soketi zote za vyumba vya wageni zikazibwa kwa saruji, na juu ya kila moja ikatundikwa picha ya Mheshimiwa ili asipatikane wa kuthubutu kuisogeza. Umeme uliendelea kukatika vilevile. Lakini sasa ulikatika kwa sababu inayojulikana, na wananchi wakatulia.

Huko ndiko alikokwenda Shekue bin Mwinjaka. Alikwenda siku ya Jumatatu, kutafuta vipuri vya cherehani moja ya kizamani ambavyo kwao vilikwisha zamani. Alitarajia kurudi Jumatano. Ijumaa baada ya sala ya alasiri binti yake pekee, Mwanakheri, alikuwa anaolewa.

Nawaambia mapema hali ya ndoa hiyo, maana ndiyo iliyokuwa ikimkosesha usingizi. Ilikwisha kuahirishwa mara mbili. Mara ya kwanza ulikuwa msiba. Mara ya pili aliahirisha Shekue mwenyewe, aliposikia kwamba mdogo wake, Sefu, ameandaliwa nafasi kwenye mkeka wa mbele. Bwana harusi, kijana anayeitwa Hemedi, alikuwa amepata kazi ya upishi melini na Jumamosi alfajiri anaondoka kwa miaka miwili. Upande wake walikwisha kusema, kwa adabu kabisa, kwamba ya tatu watahesabu wamekataliwa. Mwanakheri alikuwa ameanza kukonda.

Sheikh Mlekwa, aliyekuwa afungishe ndoa, alimshauri Shekue kabla hajaondoka. Safari ni safari, alimwambia, na baba asipokuwepo lazima awe na wakala, basi amwachie Sefu uwakala kabisa. Shekue aliruka kama aliyekanyaga kaa la moto. Amwachie Sefu? Sefu aliyeazima ngazi yenye vipandio kumi na viwili akairudisha ina kumi?

Kisa hicho cha ngazi kilikuwa na umri wa miaka ishirini, na hapakuwa na mtu mjini asiyekijua. Shekue alikisimulia harusini, akakisimulia matangani, na katika simu yake mdogo wake hakumwandika Sefu tu, alimwandika Sefu Ngazi. Sheikh akachoka. Wakakubaliana kwamba, Mungu apishe mbali, Shekue akikwama, Ijumaa baada ya alasiri sheikh atampigia simu na kuupokea uwakala kwa masikio yake mwenyewe.

*

Mpakani alipokelewa na Sajini Mwadawa, mwanamke mrefu mwenye sare iliyopigwa pasi hadi ikasimama yenyewe. Hakumuuliza pasi ya kusafiria. Alimuuliza simu.

Aliitazama kwa muda, akatangaza kwa sauti ya kuadhini, "Sitini na moja." Kisha akaita watu wawili kutoka kwenye foleni. Maana Tahadhari jicho la mtu mmoja haliaminiki, hata liwe la serikali. Kila chaji ya mgeni lazima itajwe na afisa, halafu mashahidi wawili waje, waitazame, nao waitaje. Shahidi wa kwanza akasema sitini na moja. Wa pili akasema sitini na moja. Hapo ndipo kalamu iliporuhusiwa kuandika.

Shekue akaelezwa sheria. Ameingia na asilimia sitini na moja, na atatoka na sitini na moja. Akitoka na zaidi, anatorosha umeme wa taifa. Akitoka na pungufu, ameacha umeme wa kigeni ndani ya nchi, au amezungumza kuliko mtu asiye na siri anavyohitaji kuzungumza. Aliuliza, kwa kutaka kujua tu, itakuwaje ikipungua. Sajini akamwambia kuna mfanyabiashara aliyepungukiwa asilimia mbili, anasaidia uchunguzi katika mji mkuu. Amesaidia kwa miaka minne sasa, na ua wa gereza ameshaulima mihogo.

"Na ole wako uizime," aliongeza. "Simu iliyozimwa inafikiri."

*

Watu wa Tahadhari wana salamu yao. Ukimwuliza mtu, "Habari?" hakujibu, "Nzuri." Anakujibu, "Zimekufikiaje?" Ukimwuliza njia, anataka kujua nani anauliza. Shekue alifika nyumba ya wageni akamwomba mwenye nyumba, mzee mmoja anayeitwa Kirobo, amwonyeshe choo kilipo, na Kirobo akamwangalia juu hadi chini, akasema yeye hajui lolote kuhusu vyoo, lakini kuna wageni waliopita kwenye ule mlango wa kijani na walirudi salama.

Dukani kwa vipuri mambo yalikuwa yaleyale. Muuzaji alitaka kujua kipuri ni cha nini. Cha cherehani. Ya kushonea nini? Nguo. Za nani? Za wateja. Na hao wateja, wanaficha nini mpaka watake nguo? Ikabidi iletwe barua, na barua ikabidi ithibitishwe na aliyeiandika, naye alikuwa likizo. Jumatano ikapita hivyo. Alhamisi asubuhi Shekue alivipata vipuri vyake, vimefungwa katika gazeti lililokatwa habari zote likabaki na picha.

Lakini simu sasa. Kila jioni alikuwa amempigia mkewe, Mama Mwanakheri, kumweleza kwamba yuko njiani. Umeme ulipokatika alikuwa akiiwasha tochi ya simu kutafuta kandambili. Alhamisi hiyo alipoitazama ilikuwa na asilimia nne. Bila chaji hapokei simu ya sheikh, na bila sitini na moja havuki mpaka. Alimwuliza Kirobo mtu anachaji wapi. Kirobo akafunga dirisha, akafunga mlango, kisha akasema kwa sauti kubwa, kama anayeliambia paa, kwamba mtu mwaminifu huenda Ofisi ya Soketi ya Wageni.

*

Ofisi ya Soketi ya Wageni ina ghorofa saba na soketi moja. Imewekwa katika ukumbi wa chini, nyuma ya pazia la kijani, na askari wawili wanailinda kwa zamu. Mgeni haruhusiwi kuikaribia. Simu huchomekwa na afisa, na mwenye simu hukaa chumba kingine, maana imegunduliwa kwamba mtu akiwa karibu na simu yake inapochaji wanapeana siri.

Kabla ya kuchomekwa, simu lazima ipate mdhamini, raia wa Tahadhari, atakayesema mbele ya mashahidi wawili kwamba anaikabidhi simu hii kwa soketi hii kwa ridhaa yake. Shekue alisikiliza masharti hayo, mdhamini, mashahidi wawili, ridhaa, akataka kucheka na kulia pamoja. Kumbe binti yake na simu yake walikuwa na shida moja. Simu, angalau, ilikuwa katika nchi yenye kuwaajiri wadhamini. Alipewa mmoja, kijana mnene aliyekuwa akidhamini simu tangu saa mbili asubuhi na alikuwa amechoka.

Kikwazo kilikuwa Mkurugenzi. Bwana Ndimbwa alikuwa na miwani mitatu mezani, mmoja wa kusomea, mmoja wa kutazamia watu, na mmoja alioutumia kwa kuwatazama wanaodhani hawatazamwi. Aliichukua simu ya Shekue akapitia majina, akaanza hotuba. Alisema Tahadhari ni nchi ya upendo, na mtu humchunguza ampendaye. Alisema taifa ni kama sufuria la maziwa, tone moja la ndimu na yote yamekatika. Alisema mengi, na katikati yake umeme ukakatika, akaendelea gizani bila kupoteza neno, maana alikuwa amejifunza kutokana na mkasa wa Mheshimiwa. Umeme uliporudi kidole chake kilikuwa juu ya jina moja.

"Sefu Ngazi," alisema. "Ngazi ya kupandia wapi?"

Shekue akaeleza. Alieleza vipandio kumi na viwili, akaeleza kumi, akaeleza mwaka wa mvua kubwa. Mkurugenzi alikuwa akiandika. Alipomaliza alisema kwamba katika kazi yake amesikia visingizio vingi, lakini mtu wa kumwekea nduguye kinyongo cha vipandio viwili kwa miaka ishirini hajapata kumsikia, na kama ni kweli basi serikali ingependa kumwajiri.

Kisha akataka kujua simu ya Ijumaa itasema nini. Huko mgeni huomba chaji kwa maneno anayokusudia kuyatumia. Shekue akaandika sentensi yake: Nimekuwakilisha umwozeshe binti yangu Mwanakheri kwa Hemedi. Mkurugenzi akabadilisha miwani. Anamwakilisha nani? Katika nchi hii mwenye kuwakilisha watu ni mmoja, na picha yake iko juu ya kila soketi. Na huyo binti, ni jina la siri la nini? Na Hemedi ni nani? Shekue akasema ni mpishi wa meli. Meli ya nani, inakwenda wapi, imebeba nini?

Shekue alikaa saa tatu kwenye benchi. Alisikia nyuma ya ukuta mtu akizungumza kwa simu, kwa sauti ya kiofisi, na akasikia jina la binti yake likitajwa. Hakuthubutu kuuliza. Akaanza kumshuku yule mdhamini mnene aliyekuwa akisinzia, akamshuku askari kwa jinsi alivyokuwa hamtazami, na ilipofika adhuhuri alikuwa ameanza kumshuku Sheikh Mlekwa. Mbona alisisitiza sana habari ya Sefu? Wamepanga nini hao wawili?

Alasiri ile sentensi yake ilirudi na mihuri miwili. Simu ikachomekwa. Ilitakiwa ichomolewe kwenye sitini na moja kamili, lakini afisa wa kuchomoa alikuwa lazima apate ridhaa ya afisa wa kuchomeka, naye alikuwa amekwenda kuswali, na simu ikapanda hadi sitini na tatu. Ukumbi mzima ukataharuki. Shekue akatakiwa aziondoe asilimia mbili hizo palepale, chini ya ulinzi, kwa njia isiyo na maana yoyote. Ndiyo maana Alhamisi hiyo, jua likiwaka nje, mtu mzima wa miaka hamsini na sita alisimama akimulika ukuta kwa tochi, na askari wawili wakiangalia ukuta kama unajibu.

Ikafika sitini na mbili. Moja iliyobaki waliikadiria itaishia njiani.

*

Ijumaa hakula. Basi la kwenda mpakani lilikwenda taratibu, na yeye alikuwa ameishika simu kwa mikono miwili kama kifaranga. Hakugusa kitu. Saa saba ilikuwa bado sitini na mbili, akaanza kusali ishuke. Saa nane ikashuka, sitini na moja, akaanza kusali isishuke. Aliposimama mbele ya meza ya Sajini Mwadawa alasiri ilikuwa imekwisha kuadhiniwa, foleni nyuma yake ilikuwa na watu kama arobaini, na namba ilikuwa ileile.

Sajini akaitazama. "Sitini na moja," alitangaza, na akanyoosha mkono kuwaita mashahidi.

Simu ikaita.

Ilikuwa imelazwa mezani, kwa hiyo kila mtu aliona jina. Sefu Ngazi. Shekue alipigwa na butwaa. Katika siku zote, katika watu wote, Sefu.

Alimwomba Sajini aandike kwanza, kisha yeye apokee. Sajini akamwambia kalamu haiandiki mpaka mashahidi watamke, na mashahidi wanatoka kwenye foleni, mmoja ni mama mwenye kikapu na mwingine ni mzee wa mkongojo, hawawezi kukimbia. Akasema kwa sauti ya chini, si ya kuadhini sasa, kwamba simu iliyofikia hapo ikipokelewa itashuka, na ikishuka yeye hana njia ila kumrudisha mji mkuu. Simu ilikuwa inaita mara ya tano. Shekue aliwaza mihogo ya yule mfanyabiashara. Akamwaza Mwanakheri amekaa chumbani, mikono ina hina, anasubiri kusikia kama ni mke wa mtu au ni binti aliyekataliwa mara ya tatu.

Akapokea.

Ilikuwa sauti ya Sheikh Mlekwa. Alisema anatumia simu ya Sefu kwa sababu yake imekwisha chaji. Watu wamekaa, bwana harusi amekaa, na ubani umewashwa. Lakini kuna tatizo. Jana walipigiwa kwa namba ya Shekue na mtu mwenye sauti ya kiofisi, akauliza binti ni jina la nini. Watu wameingiwa na shaka. Siku hizi sauti zinaigwa, na ndoa si jambo la kubahatisha.

"Nitajuaje kwamba ni wewe?" sheikh aliuliza. "Sefu yuko hapa anasikiliza. Tuambie jambo mnalolijua ninyi wawili tu."

Shekue bila kufikiri akaanza, mwaka wa mvua kubwa Sefu aliazima ngazi. Sheikh akamkatiza. Hilo la ngazi, alimwambia, wanalijua hata watoto wa chuo cha Kurani, wanaruka nalo kamba. Aseme jingine.

Shekue akaisogeza simu mbali kidogo na sikio. Pembeni ya kioo cha simu namba ilikuwa bado sitini na moja, lakini aliijua simu yake. Nyuma yake foleni yote ilikuwa imenyamaza kwa namna ya watu waliozoea kusikiliza.

Jambo jingine lilikuwepo. Lilikuwa moja tu, na alikuwa amelikalia miaka ishirini.

"Sefu," alisema. "Vile vipandio viwili viko chini ya meza ya cherehani yangu. Nilivitoa mwenyewe kutegemeza meza, kabla hujaja kuazima. Nilikuja kukumbuka baadaye, watu walikwisha kusikia, nikanyamaza. Na wewe uliviona. Siku ile ulipoleta suruali ukainama kuokota kifungo. Ukainuka, ukanitazama, hukusema."

Upande wa pili palikuwa kimya kwa muda ambao asilimia inaweza kufa. Kisha Sefu akazungumza. Hakuwa akimwambia Shekue, alikuwa akimwambia sheikh.

"Ndiye. Huyo ni kaka."

Sentensi yenye mihuri miwili ilikuwa mfukoni mwa Shekue, nayo ilikuwa ya kumwambia sheikh. Hakuisoma. Alisema, kwa sauti iliyosikika hadi mwisho wa foleni, "Sefu, nimekuwakilisha wewe, umwozeshe binti yangu Mwanakheri kwa Hemedi bin Ausi, kwa mahari tuliyokubaliana." Na Sefu akasema amekubali uwakala. Kwa mbali, ndani ya simu, mwanamke mmoja alianza kupiga kigelegele kabla ya wakati wake na Shekue akamjua kuwa ni mkewe.

Akaikata simu. Akaiweka mezani kwa uangalifu.

Sitini.

Sajini Mwadawa aliitazama. Alikuwa na kazi hiyo miaka kumi na moja na hakuwahi kukosea namba. Mama mwenye kikapu alikuwa amefika, na mzee wa mkongojo alikuwa anafika. Sajini akavua kofia, akajifuta paji la uso, akaivaa tena.

"Sitini na moja," alisema, kwa sauti ileile ya kuadhini.

Mama mwenye kikapu aliinama juu ya simu. Aliitazama sana, mpaka vitunguu viwili vikaanguka kutoka kikapuni na hakuviokota. Akasema, "Sitini na moja." Mzee akaja naye, akasogeza uso karibu, akasema macho yake si mazuri lakini hilo analiona waziwazi, sitini na moja. Hapo sheria ilikuwa imetimia. Lakini kijana mmoja ambaye hakuwa ameitwa akatoka kwenye foleni, akatazama, akasema sitini na moja, na nyuma yake mwingine, na mwingine, mpaka waliokuwa mbali mno kuona chochote wakasema sitini na moja.

Shekue hakusogea. Siku tano za Tahadhari zilikuwa zimemwingia mwilini. Alijiuliza huu ni mtego gani, wanamtakia nini, nani amewatuma. Aliwatazama mmoja mmoja akitafuta anayetabasamu, na hakumwona. Ilibidi Sajini amwambie, bila kumtazama, kwamba anazuia foleni.

Akavuka.

*

Shekue alifika kwao Jumamosi, Hemedi amekwisha kuondoka, Mwanakheri ana shela mabegani na macho yamemvimba kwa kulia kwa mambo mawili tofauti. Sefu alikuwepo stendi. Shekue alipomwona, wazo la kwanza lililomjia lilikuwa huyu kafuata nini, na aliona haya sana baadaye. Jioni ile aliingia chini ya meza ya cherehani, akavitoa vipandio viwili, akampelekea mdogo wake mchana kweupe, kwa njia ndefu inayopita sokoni ili kila mtu aone amebeba nini. Meza inayumba hadi leo. Wateja wakimwambia aitegemeze, anasema hivyo ndivyo inavyotakiwa kuwa.

Na huko Tahadhari, msiwe na wasiwasi, serikali haikulala. Ile asilimia moja iliyopungua iligunduliwa mwezi uliofuata. Kwa kuwa ni nchi ya upendo, hakuna aliyeadhibiwa. Waligundua kwamba ni maradhi ya macho. Wote arobaini waliokuwa kwenye foleni wakatafutwa majumbani mwao, wakapewa miwani ya bure, ile ya aina ya Mkurugenzi Ndimbwa, na hawaruhusiwi kuivua. Sajini Mwadawa akapelekwa hospitali ya macho, likizo isiyo na kikomo, dirisha linatazama ukuta.

Kila asubuhi daktari humning'inizia ubao wenye herufi, kubwa juu na ndogo chini, akamuuliza anaona nini. Herufi ya kwanza, Sajini anasema ni sitini na moja. Ya pili, sitini na moja. Daktari akaleta ubao mpya, akaleta taa, akaleta picha ya Mheshimiwa mwenyewe, akauliza hii je. Sajini akaitazama picha kwa makini, akajibu kwa sauti ya kuadhini, iliyosikika wodi nzima.

Daktari ameandika taarifa kwamba maradhi hayo hayajulikani dawa yake. Ameandika pia kwamba yanaambukiza, maana juzi katika foleni ya mkate, umeme ulipokatika, mtu mmoja alisikika gizani akiitaja ile namba, na foleni nzima ikaitikia.